Tunamtukana kocha, wenye kushika feza wanacheka

Jumapili moja, kwenye uwanja mmoja hapa kwetu Mushaki, timu ya shimo letu ilifungwa mbili kwa moja na timu ya shimo la jirani. Arbitre alikuwa hajamaliza kupiga filimbi, watu wakamgeukia kocha wetu: "Alikula makuta! Alituuzisha! Toka, mchawi wewe!" Jiwe likaruka, likamgonga kichwani. Yule kocha ni mchimbaji kama sisi. Anashuka shimoni juma nzima, na jioni anafundisha watoto bila kulipwa hata franka moja. Tangu siku ile hajarudi uwanjani, na watoto wake wanazunguka tu barabarani.

Mimi nilikuwa pale. Sikutupa jiwe, lakini nilipiga kelele pamoja na wengine. Ndiyo sababu ninaandika.

Hii tabia haiko ya Mushaki peke yake. Septemba 2025, kwenye Stade des Martyrs mjini Kinshasa, Léopards waliongoza Senegal mbili bila, halafu wakafungwa tatu kwa mbili. Mashabiki wenye hasira waliharibu viti vya uwanja, na lawama zikamuangukia kocha Sébastien Desabre. Miezi miwili tu nyuma yake, Novemba, kocha yule yule na timu ile ile waliondoa Kameruni, kisha Nigeria kwa penalti. Watu wakacheza barabarani. Kama angefukuzwa kwa ajili ya matusi ya Septemba, nani angetupa furaha ya Novemba?

Lakini mfano mkubwa ni wa mwaka 1974. Wazee wanaukumbuka. Mwezi wa tatu, Zaire ilichukua Kombe la Afrika kule Misri. Kocha alikuwa Blagoje Vidinić, mtu wa Yugoslavia. Mwezi wa sita, kwenye Kombe la Dunia Ujerumani, tukakutana na Yugoslavia yenyewe na kufungwa tisa bila. Baada ya bao la tatu kocha alimtoa kipa Kazadi, na uvumi ukaanza: ameuza mechi kwa ndugu zake. Wachezaji kama Mwepu Ilunga walikuja kusimulia jambo lingine kabisa. Walikuwa wameahidiwa feza, hawakuziona, na walitaka kukataa kucheza. Feza zilibaki mikononi mwa wakubwa waliosafiri na timu. Watu wakamsema kocha, na wale wakubwa hakuna aliyewauliza kitu.

Sisi wachimbaji tunaujua huu mchezo. Siku malipo ya koltani yanapokuwa madogo, tunamrukia nani? Kapita wa ekipe, kwa sababu ndiye tunamuona kwa macho. Lakini kapita hapangi bei, na mara mingi yeye mwenyewe ana deni kwa PDG wa shimo. Bei inatoka kwa wanunuzi wa mbali ambao hawajapanda hata siku moja milima ya Rubaya. Katika sendika tulijifunza hilo kwa shida: ukimpiga mwenye kuwa karibu, mwenye kukunyonya analala vizuri. Kocha ni kapita wa uwanjani. Viatu hakuna, mazoezi yanafanyika baada ya kazi, wachezaji wanaingia na njaa, halafu tunamtaka ashinde kila Jumapili.

Nao wenye kusema "ni maneno tu ya mpira" wakumbuke Butembo, hapa hapa Kivu Kaskazini. Septemba 2008, mechi ya Socozaki na Nyuki ilivurugika kwa ajili ya shutuma za ufetishi. Watu wakapigana, polisi wakaingia kati, watu wakakanyagana. Zaidi ya kumi walikufa, wengi wao vijana. Mei 2014, Kinshasa, Vita Club na Mazembe: watu 15 walikufa kwenye uwanja wa Tata Raphaël. Fujo ya namna ile inaanzaga na neno moja: mchawi, mwizi, msaliti.

Ninajua hasira inatoka wapi. Vita ilifika Mushaki Februari 2023, watu mingi walikimbia, wengine walizika wao. Mtu anakuja uwanjani na mzigo wa juma nzima, pengine ameweka mpaka feza ya unga kwenye pari. Timu ikifungwa, anatafuta wa kumtupia. Hasira ni haki yetu, jiwe hapana. Kocha akikosea, tumuulize: kwa nini ulimtoa fulani? Kuuliza si kutukana.

Nilipeleka mambo matatu kwenye mkutano wetu. Kwanza, kila shimo litoe watu kumi wa kulinda utulivu, wasimame upande wa mashabiki wao wenyewe. Pili, feza za timu zisomwe mbele ya watu kila mwezi, kama tunavyosoma michango ya sendika, ili kila mtu ajue nani alikula na nani hakukula. Tatu, shabiki akimgusa kocha au arbitre, timu yake ipoteze mechi inayofuata.

Na mbele ya hayo yote, sisi tuliopiga kelele ile Jumapili twende kwa yule kocha, tumuombe msamaha mbele ya bibi na watoto wake. Mimi nitatangulia.