Usicheke kitambi cha Panda

Wewe unayecheka mchezaji mwenye kitambi, hebu ngoja kidogo. Pablo Sandoval wa Venezuela, yule waliyembandika jina Panda, alikuwa mnene tangu zamani. Mwaka 2012, na kitambi hicho hicho, alipiga mpira ukatoka uwanja mara 3 katika mechi moja ya fainali za besiboli Marekani, akatajwa mchezaji bora wa fainali hizo. Mwishoni mwa 2014 Boston Red Sox wakampa mkataba wa miaka 5, dola milioni 95. Macho walikuwa nayo.

Aprili 2016 alizungusha gongo, mshipi ukakatika, watu wakacheka hadi basi. Namba tayari alikuwa ameipoteza. Bega nalo likamtoa msimu huo. Julai 2017 wakamwacha, na doo bado wakaendelea kumlipa.

Kwangu mimi, kilo si hoja. Mkataba hulipia ulichofanya jana, mwili unadai jasho la leo. Klabu ilinunua jana, Panda naye akaiuza bei poa.

Sasa buda, siku ukiangukia donge nono, utaamka saa kumi na moja kukimbia ama utavuta blanketi?