Hasira haihitaji Kiswahili kilichopigwa pasi

Kwa wasomaji wengi wa jarida hili, panki ni mtindo wa kunyoa nywele. Mimi nazungumzia muziki: gitaa la umeme lenye sauti chafu, ngoma za haraka, mwimbaji anayekaribia kupiga kelele, na wimbo unakwisha kabla hujauliza ni nini hiki. Albamu ya kwanza ya Ramones wa New York, iliyotoka 1976, ina nyimbo 14 na haifiki nusu saa. Nusu saa hiyo, nyota wetu wa rumba bado yuko wimbo wa nne, na ameshataja majina ya matajiri wangapi!

Bendi yangu niliipata Mugunga nikiwa na miaka 16, kwenye kadi ya simu ya binamu aliyerudi kutoka Nairobi. Inaitwa Crystal Axis, vijana wa Nairobi hukohuko, na wimbo wenyewe ni "Leopold". Ndiyo, yule yule mfalme. Shuleni nilikuwa nimemkariri kwa Kifaransa: 1885 aliifanya nchi yetu mali yake, 1908 ikachukuliwa na serikali ya Ubelgiji, na maisha yake yote hakukanyaga Kongo hata siku moja. Nilipata pointi zangu. Hakuna aliyenidokezea kwamba habari hiyo inaweza kumkasirisha mtu, mpaka Wakenya waliponipigia kelele masikioni.

Mnajua kwa nini ilinishika. Mugunga inajulikana duniani kwa kambi: za wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, kisha za ndugu zetu wenyewe waliokimbia vita. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliwaangukia watu waliokuwa wamekimbilia kwenye mahema hayo. Ripoti zinazotuhusu husema "walengwa" na "mahitaji". Nyimbo zetu nyingi nazo huomba amani kwa sauti tamu. Siwalaumu waimbaji, mama yangu huziimba akifua. Ila zinamwomba Mungu tu, na wenye bunduki hawaulizwi kitu.

Ninapotofautiana na bendi yangu ni kwenye lugha. "Leopold" imeimbwa kwa Kiingereza. Naelewa, Nairobi ina mambo yake, na panki ilifika huko na Kiingereza chake. Lakini nilipoupiga wimbo huo nyumbani, mama alisimama mlangoni akauliza: "Beko banagombana juu ya nini?"

Sikilizeni sentensi hiyo. Darasani tungeinyoosha: "Wanagombana kwa nini?" Ni sahihi, na imelala. Ile ya mama ina mapigo: *beko, bana*, ngoma mbili kabla ya kitenzi, halafu "juu ya nini" inayodai jibu, kana kwamba sababu ni kitu kilichowekwa juu ya meza na mtu anakificha. Ningekuwa na gitaa, ningeanzia hapo.

Katika kitivo chetu, *ba-* hiyo inapigwa mstari mwekundu. Hoja ya walimu naijua: mwanafunzi asiyejua Kiswahili sanifu hatasoma Shaaban Robert, wala hataandikiana na msomaji wa Dar es Salaam. Nakubali, ndiyo maana naandika hivi. Ninachokataa ni kuita kosa lugha ambayo mji mzima unaitumia kununua makala, kuombea maiti na kutukanana. Vijana wa Goma wanarapu kwa lugha hiyo, na nyimbo zao zinapotea kila simu inapoibwa. Nani ameziandika? Nani amejaribu hata kukubaliana tuandikeje "beko", neno moja au mawili?

Nimependekeza kuzinakili nyimbo hizo kwa kazi yangu ya mwisho wa masomo. Nimeulizwa nitatumia kamusi gani. Kwa sasa nina daftari lenye maneno 212, na natafuta wenzangu wawili wenye masikio mazuri.