Sindano ya uso haiishi siku ya sindano

Bamama wengi wa Annexe wamekwisha kuisikia: iko sindano inayopigwa kwenye paji la uso, kati ya nyusi ao pembeni ya macho, na mikunjo inalala. Watu wanaiita Botox, hata kama Botox ni jina la dawa ya kampuni moja tu na dawa za namna ile ziko nyingi. Wanaona picha mbili katika telefone, uso wa kwanza na uso wa kisha, na ulizo la kwanza linakuwa moja: «Ni franga ngapi?»

Hatuandiki leo kwa kumucheka mutu. Mutu aliyefanya kazi miaka mingi katika jua la kariere, akikunja macho juu ya mwangaza na vumbi, ao mama aliyetwanga mawe ya madini tangu ujana wake, ana haki ya kujitazama kwenye kioo na kutamani uso upumzike. Franga ni zake na uso ni wake. Tunaandika juu ya ulizo la pili, lile ambalo picha za telefone hazionyeshi: «Kisha sindano, aliyenipiga nitamukuta wapi?»

Kama ulizo lile halina jibu, sindano isipigwe. Hiyo njo maoni ya gazeti hili, na sababu zetu ni hizi.

Dawa yenyewe ni sumu ya mikrobe inayoweza kukua katika chakula kilichofungwa vibaya ndani ya kopo. Sumu ile ikiingia mwilini kwa wingi, inalegeza misuli hata ile ya kupumua. Waganga walijifunza kuitumia kwa kipimo kidogo sana. Katika mwaka wa 1989 Marekani iliikubali kwa magonjwa ya macho: makengeza, na kope zinazojifunga zenyewe bila mutu kutaka. Katika mwaka wa 2002 ikaikubali kwa mikunjo ya kati ya nyusi. Kazi yake ni kukata habari kati ya mshipa wa fahamu na musuli. Musuli haupate tena amri ya kukunjana, basi ngozi ya juu inatulia.

Lakini sikilizeni vizuri: dawa hii haionyeshi kazi yake palepale. Kwa kawaida inaanza kuonekana kisha siku 3 ao 5, inafika kipimo chake karibu na wiki 2, na inabaki miezi 3 ao 4. Maana yake, siku unapolipa na kutoka, hakuna mutu anayeweza kujua kama kazi ilifanyika vizuri, hata yule aliyepiga. Uzuri unakuja kisha, na hatari pia inakuja kisha. Tena hakuna sindano ingine ya kufuta ile ya kwanza. Ikienda vibaya, mwili wenyewe njo unaimaliza pole pole. Ndiyo sababu matunzo ya kisha sindano si nyongeza. Ni nusu ya kazi yenyewe. Mutu anayefika saluni siku ya posho, anapiga sindano watu kumi na kurudi kwao siku ya kwanza, ameuza nusu ya kazi kwa bei nzima.

Tuseme sasa matunzo yenyewe, kwa namna yanavyogusa maisha ya nyumba ya muchimbaji.

Siku ya kwanza, sheria kubwa ni moja: dawa ibaki mahali ilipowekwa. Usisugue uso, usiufinye, usikubali masaji. Waganga wengi wanaomba mutu akae wima saa 4 bila kulala wala kuinama muda murefu, na asifanye kazi ya nguvu mpaka siku moja ipite. Kwa mutu wa ofisi hiyo ni mwepesi. Kwa mutu wa mugodi, hapana. Kaske inakaza paji palepale sindano ilipoingia, na miwani ya kazi inabana pembeni ya macho. Mama anayeosha ao kutwanga mawe anainama tangu asubuhi. Basi, mwenye kufanya poste apige sindano siku ya kwanza ya repo, si saa mbili mbele ya kushuka. Kama hana repo karibu, angojee. Mikunjo iliyokaa miaka 10 inaweza kukaa wiki moja tena.

Nyumbani ni vilevile. Kitambaa cha kichwa kisikazwe juu ya paji. Kusuka nywele, kulala kwa tumbo na kujifukiza kwa muvuke vingojee. Kuinamia mbabula saa nzima si vizuri siku ile. Tata wa nyumba anaweza kusonga bukari mara moja, hatakufa. Simba, Tembo na lutuku vipumzike mpaka kesho, juu ya pombe inaongeza alama za damu chini ya ngozi. Na kwenye maombi, kama pasta anataka kuweka mukono kwenye paji, mwambie kwa heshima aweke kwenye bega. Mungu anasikia hata pale.

Vitu vingine ni vya kawaida na havifai kuogopesha: vivimbe vidogo kama vya mbu ambavyo vinashuka siku ileile, wekundu, alama ndogo ya damu, kichwa kuuma kidogo. Kitambaa cha baridi kinatosha, kikiwekwa pole bila kukandamiza, na paracetamol kama kichwa kinauma.

Kisha zinafika zile wiki 2, na pale njo tunaona nani alikuwa na munganga wa kweli. Inaweza kutokea kope moja ianguke nusu, ao nyusi moja ipande kuliko ingine. Mara nyingi hali ile inapita yenyewe kisha wiki kadhaa, lakini lazima mutu anayejua aitazame, kwa sababu kope inayoanguka inaweza pia kuwa mwanzo wa jambo kubwa zaidi. Kuisugua na kuikanda kwa maji ya moto hakuiinue. Na mutu akikuambia siku ya 4: «Kuya nikuongeze kidogo, itanyooka», kataa. Dawa ya kwanza haijamaliza kufanya kazi yake; namna gani anajua kilichopungua? Mwenye kuendesha bene ao mashini, kama kope inafunika jicho, asipande. Amwambie shefu wake. Jicho moja katika kariere linaweza kuua watu wengine.

Kuna alama ambazo hazingojee asubuhi. Kama, kisha masaa, siku ao hata wiki chache, mutu anashindwa kumeza, sauti inabadilika, anaona vitu viwili viwili, mikono na miguu inalegea, ao pumzi inakuwa nzito, ni kwenda lopitali saa ileile: Sendwe, Cliniques universitaires, ao lopitali ya kampuni. Mutu akitoka Kalebuka ao Kasungami usiku, wakati wa mvua, tunajua njia ni ipi. Kwa hiyo mulango wa kwanza wa kugonga ni wa jirani mwenye motokari. Iko dawa ya kupinga sumu hii, lakini haikae katika kila farmasi, na inazuia tu sumu ambayo haijashika mishipa. Iliyokwisha kushika haiondoke haraka. Kila saa inayopotea ni hasara.

Mambo haya si ya kutisha watoto. Katika mwaka wa 2024, kule Marekani, watu 22 katika majimbo 11 walitangazwa kuwa wamepata madhara kisha sindano za namna hii. Ziko zilizokuwa dawa za uongo, na ziko zilizopigwa na watu wasio na ruhusa, ao nyumbani na katika nyumba za urembo. Watu 11 walilazwa lopitali, na 6 walipewa ile dawa ya kupinga sumu. Hakuna aliyekufa. Lakini wale walikuwa katika inchi ambayo serikali inafuata chupa kwa chupa, na lopitali zina mashini za kusaidia pumzi. Sisi wa Annexe tujiulize yetu ingekuwa namna gani.

Tena tuzungumze juu ya frigo. Chupa ya Botox inatakiwa kukaa katika baridi ya digri 2 mpaka 8, na ikisha kuchanganywa na maji yake itumike ndani ya masaa 24. Kila mutu wa hapa anajua SNEL inakata mara ngapi. Frigo inayolinda tomson na bia ya saluni, na inayokaa bila kura tangu jana, si mahali pa dawa. Ukiona chupa inatoka katika mufuko wa mukono, amka kwenye kiti na uende.

Kinachotuogopesha kuliko sumu ni kuficha. Mama anapiga sindano bila bwana kujua. Bwana naye anapiga bila wenzake wa poste kujua, juu wasimuite mwanamuke. Siku kope inaanguka, hakuna anayesema ukweli. Jamaa wanaanza: «Bamemuloga.» Anapelekwa katika chumba cha maombi siku tatu, na sauti inazidi kupotea. Ao anafika kwa munganga, anasema paka malaria, na munganga anatibu malaria. Iko na hii pia: antibiotike moja inayojulikana sana hapa kwetu, jentamisine, inaweza kuongeza nguvu ya sumu hii. Munganga asiyejua habari ya sindano anaweza kuiandika kwa roho safi. Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mume anaweza kukasirika kisha. Wakwe wanaweza kucheka kisha. Kwa munganga, sema yote siku ileile: nilipigwa nini, lini, wapi kwenye uso, na nani.

Ndiyo sababu tunaomba kila mutu asitoke mbele ya kupata karatasi moja. Iandikwe jina la dawa, namba ya chupa, kipimo, tarehe, jina na telefone ya aliyepiga, na siku ya kurudi kisha wiki 2. Piga picha ya chupa. Mwenye mimba, mama anayenyonyesha, na mwenye ugonjwa wa kulegea kwa misuli waseme mapema, na wasikubali kusukumwa. Aliyekwisha kupigwa asirudie mbele ya miezi 3. Anayekataa kuandika karatasi ile amekwisha kukujibu ulizo letu la pili.

Kwa wakubwa tunaomba tatu. Zoni ya afya na komine ya Annexe wajue nani anapiga sindano za urembo katika kartie zetu, na wafunge mahali ambapo hakuna munganga. Wenye saluni wasikopeshe kiti kwa wapita njia. Mukono ukienda, jina la saluni njo linabaki. Na waganga wa makampuni wampokee mufanyakazi ao bibi yake bila kumucheka wala kumupigia kelele, hata kama sindano ilipigwa kwingine. Mugonjwa aliyechekwa mara moja hatarudi mara ya pili, na dada zake hawatakuja kabisa.

Bado watu wengi katika kartie zetu wanaijua sindano hii kwa telefone tu. Ndiyo wakati wa kusema, mbele haijakuwa desturi. Mutu wa mugodi anajua kwamba kupiga mine ni dakika moja, na kwamba kazi ya kweli ni kungoja, kurudi na kukagua kila tundu mbele ya kuruhusu wenzake waingie. Hakuna shefu wa mine anayewasha na kwenda kwao. Tusikubali kwa uso wa bamama wetu kitu ambacho hatukubali kwa jiwe.