Mnyapara wa Kinjeketile na Sisi Watu wa Kalamu

Bwana Mhariri,

Tafadhali unipe nafasi kidogo katika gazeti letu niseme neno juu ya tamthilia ya Kinjeketile, aliyoitunga Bwana Ebrahim Hussein ikachapwa mwaka 1969. Wengi wetu tuliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, na mtihani ulipokwisha tukaifunga pamoja na madaftari. Juzi hapa Nakwa, baada ya saa za kazi, palitokea mabishano baina ya makarani: je, katika kitabu kile mwenye hatia ni nani? Karibu wote walisema ni Kinjeketile mwenyewe, kwa kuwa aliwapa watu maji na kuwaaminisha kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru, nao wakaenda wakafa. Mimi sikukubali, na kwa kuwa siku ile sauti yangu ilizidiwa, naleta hoja yangu kwa karatasi.

Kwanza tukumbuke mambo yenyewe. Vita vya Maji Maji vilianza mwishoni mwa Julai 1905 huko Matumbi, watu walipong'oa pamba ya serikali. Wajerumani walikuwa wakiwalazimisha kulima pamba hiyo katika mashamba ya jumla, hali mashamba yao wenyewe yanaota magugu, na malipo yalikuwa haba hata wengine wakakataa kuyapokea. Kodi ya nyumba walikuwa wakidaiwa tangu 1898. Kinjeketile wa kweli, mtu wa Ngarambe, alinyongwa Mohoro Agosti 1905, vita vingali vichanga, navyo vikaendelea mpaka 1907. Wajerumani walihesabu waliokufa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamekisia 250,000 hata 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa kuliko risasi, maana majeshi yaliteketeza vyakula na mashamba. Mtungaji ametuonya kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia. Basi mimi nasema juu ya yule wa jukwaani.

Huyo wa jukwaani ana hatia, sikatai. Aliambiwa na Hongo kwamba watu wake watakuwa watoto wa Seyyid Said, na alipoyafikiri maneno hayo alifadhaika: je, amewatoa watu mikononi mwa Mjerumani ili awatie mikononi mwa bwana mwingine? Aliwasihi wangoje, waungane kwanza, wajifunze vita. Wao hawakuweza kungoja. Na mwisho, gerezani, Kitunda anamwomba akiri kwamba maji hayakuwa na nguvu, naye anakataa, asije akawaachia wajukuu fundisho kwamba kupigana kwa babu zao kulikuwa kosa. Walimu wetu walitufundisha kulisifu jambo hilo bila kiasi. Mimi huwakumbuka wanawake wa mwanzo wa kitabu, wanaoongea habari ya njaa, nami siwezi kulisifu lote. Walakini mzigo wake anaubeba mwenyewe. Hautui mlangoni kwa mtu mwingine.

Sasa mtazameni mnyapara. Ni Mwafrika kama wale anaowasimamia. Shamba si lake, pamba si yake, na faida yake haimfikii. Amepewa amri na mjeledi, basi. Mbele yake Kitunda, ambaye baadaye atakuwa kiongozi wa vita, hana ujasiri. Na binti yake anapovunjiwa heshima na mnyapara huyo, baba hana la kufanya. Katika mabishano yetu ya saa nzima hakuna hata mmoja aliyemtaja mtu huyu. Nilistaajabu, kisha nilipofikiri sikustaajabu tena. Mtu huyu akiulizwa atajibu neno moja tu, "Nimetumwa," na jibu hilo sisi sote tumepata kulitoa dirishani.

Nje ya kitabu ngazi ilikuwa ndefu zaidi. Juu ya wanyapara walikuwako majumbe, na juu ya majumbe maakida, ambao wengi wao walikuwa watu wa pwani waliojua kusoma na kuandika. Kabla mjeledi haujamfikia mkulima, habari zake zilikuwa zimekwisha kupita chini ya kalamu ya mtu aliyevaa kanzu safi. Huyo ndiye babu yetu wa kazi, tupende tusipende.

Pengine mtaniambia kwamba watu wa kalamu walifanya mema pia. Naam. Mwaka 1922 huko Tanga Bwana Martin Kayamba na wenzake waliunda chama cha watumishi Waafrika wa serikali, ndicho baba wa vyama kama hiki chetu. Na mwaka 1929 Dar es Salaam ikazaliwa African Association, ambayo makarani na walimu walikuwa wengi ndani yake, hata ikafika kuwa TANU mwaka 1954. Hayo ni kweli na ni fahari. Lakini aliyekuwa dirishani akingoja karatasi yake hakuuona ule mkutano wa Tanga, alimwona karani.

Nami nitasema yangu, maana si haki kumhukumu mnyapara huku nimejificha. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja nisiyoitaja, mama mmoja mzee alikuwa akija kwa miguu kutoka pande za mlima Kwaraa kuuliza jalada la shamba la marehemu mumewe. Nilimwambia njoo kesho. Akaja. Nikamwambia mkubwa hajatia sahihi, na kwa kweli sikuwa nimeuliza. Alikuja mara nne, na kila mara aliniamkia kwa heshima, akaniita "baba," mimi niliye rika la mwanawe wa mwisho. Mara ya tano hakuja. Jalada nilikuja kuliona mwezi uliofuata chini ya madaftari yangu mwenyewe, sahihi imo. Hakuna aliyeniuliza, wala sikumwambia mtu mpaka leo.

Katibu wetu amekubali kwamba katika mkutano ujao tuisome Kinjeketile kwa sauti, kila mtu na sehemu yake. Wamejitokeza wanne wanaotaka kuwa Kinjeketile, na wawili Kitunda. Sehemu ya mnyapara ilikuwa haina mtu, nami nimeomba niisome.

Wenu katika kazi,
Karani wa Masijala, Nakwa