Aliyerudisha Amana Hakutoa Sadaka



Mwezi huu twayaacha kidogo mambo ya malezi tuliyoyazoea katika ukurasa huu, tupate kuijibu barua ya bibi mmoja wa Mombasa. Dada yake aliolewa Kampala na mtu mwenye asili ya Kihindi, na mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza watu wa asili hiyo, mke na mume walitoka Uganda wakaenda kukaa Leicester, Uingereza. Tangu siku hizo shemeji huyo hakupata kukichagua chama kingine ila Conservative, yaani chama cha wahafidhina, kwa kuwa ndicho kilichokuwa kikitawala siku walipofunguliwa mlango. Mjukuu wake, aliyezaliwa huko huko, alikataa kukipa chama hicho kura yake katika uchaguzi mkuu wa Julai 2024. Mzee akamwambia mbele ya watu kuwa ni mtoto asiyejua fadhila. Kijana naye akajibu kwamba babu yake amezeeka akiwapigia magoti watu wanaomdharau. Tangu hapo hawasemezani, na hata Idi iliyofuata walisali misikiti mbalimbali. Bibi atuuliza: Katika hao wawili, ni nani mwenye haki?

Yatupasa tumsikilize mzee kwanza, kwani mambo ambayo mjukuu ameyasikia tu, yeye yalimpata. Wahindi wengi wa Kenya na Uganda walibaki na pasi za Kiingereza baada ya uhuru. Walipoanza kuondoka Kenya kwa wingi, Serikali ya chama cha Labour, ambacho watu wengi hukidhani kuwa ndicho rafiki wa wageni, ilipitisha sheria mwaka 1968, kwa muda wa siku tatu tu, ya kuwazuia wenye pasi hizo wasiingie Uingereza ila kwa kibali, isipokuwa mtu awe na mzazi au babu aliyezaliwa huko. Wakubwa wa Conservative nao waliiunga mkono. Lakini Iain Macleod, ambaye zamani alikuwa Waziri wa Makoloni wa chama hicho, alipiga kura ya kuikataa.

Miaka minne baadaye ikaja amri ya Amin, ya kutoka katika muda wa siku 90. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Edward Heath wa Conservative. Ndani ya chama chake mwenyewe walikuwako waliopiga kelele kwamba watu hawa wasipokewe, na baraza la mji wa Leicester lilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwashauri wasiende kukaa mjini humo. Heath hakurudi nyuma, na watu kiasi cha 28,000 wakapokewa. Mtu aliyeshuka katika uwanja wa ndege hana kitu, watoto wake wakitetemeka kwa baridi, hawezi kuisahau siku ile, wala haifai aisahau. Kumshukuru mtu ni katika adabu njema.

Sasa na kijana naye asikilizwe, kwani hakusema bila ya sababu. Mwaka 1964, katika mji wa Smethwick karibu na Birmingham, Peter Griffiths wa Conservative alishinda kiti cha Bunge kwa kampeni ya kuwapinga wahamiaji. Tarehe 20 Aprili 1968 Enoch Powell alisimama Birmingham akatoa hotuba ya kuwatisha Waingereza juu ya watu weusi na Wahindi. Ni kweli kwamba Heath alimwondoa katika uongozi siku ya pili yake, walakini maneno yalikwisha kutoka. Mwaka 1978 Margaret Thatcher alisema katika televisheni kwamba wenyeji wanaogopa kufunikwa na watu wa mila nyingine. Mwaka 2018 Boris Johnson aliandika gazetini akiwafananisha wanawake wanaofunika nyuso zao na masanduku ya barua, na mwaka uliofuata chama kikamfanya kiongozi wake, akawa Waziri Mkuu. Mtoto ambaye mama yake amechekwa njiani kwa vazi lake hawezi kuambiwa kwamba huo ulikuwa mzaha.

Tena chama chenyewe kilifanya uchunguzi. Mwaka 2019, wakati wa kushindania uongozi, Sajid Javid, mtoto wa dereva wa basi aliyetoka Pakistan, aliwataka wenzake mbele ya televisheni wakubali uchunguzi juu ya chuki dhidi ya Waislamu chamani. Walikubali, lakini ulipoanza, uchunguzi ulikuwa wa ubaguzi wa kila namna. Profesa Swaran Singh alitoa ripoti yake Mei 2021. Hakusema kuwa chama chote kimeoza. Alisema kuwa hisia za kuwachukia Waislamu bado ni tatizo ndani yake, na katika mashauri 727 yaliyoletwa katika miaka sita, thuluthi mbili yalihusu Uislamu.

Watu wa Conservative huwa na jibu lao, nalo si jibu dogo. Husema: Tazameni viti tulivyowapa. Mohamed Sheikh, aliyezaliwa Kenya na kukulia Uganda, aliingia Baraza la Malodi mwaka 2006, akawa mwanzilishi wa jumuiya ya Waislamu katika chama hicho. Sayeeda Warsi mwaka 2010 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kiislamu kuingia katika Baraza la Mawaziri la Uingereza. Javid alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kisha wa Fedha. Na Oktoba 2022 Uwaziri Mkuu ulimwangukia Rishi Sunak, ambaye si Mwislamu, lakini baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika.

Hayo yote ni kweli. Lakini kupewa kiti ni jambo moja, na kusikilizwa ni jambo jingine. Warsi alijiuzulu mwaka 2014 kwa sababu ya siasa ya Serikali juu ya Gaza, na mwaka 2024 akajitoa katika kundi la chama chake Bungeni. Na Priti Patel, ambaye wazazi wake walitoka Uganda, ndiye aliyetia sahihi mwaka 2022 mapatano ya kuwapeleka Rwanda watu waliokwenda Uingereza kuomba hifadhi. Basi sura ya aliyekalia kiti haitwambii mlango utakuwa wazi au utafungwa. Wazee wetu wamesema: Ukipenda boga, penda na ua lake. Mwenye kulitaka boga la kura zetu na tumtazame kama alipenda na ua.

Sasa twafika kwenye hukumu, nayo yako mambo mawili.

La kwanza, watu wa Uganda waliopokewa mwaka 1972 walikuwa na pasi za Kiingereza mikononi mwao. Uingereza ilikuwa imewapa ahadi, na Heath aliitimiza. Aliyerudisha amana hakutoa sadaka. Apewe sifa, khasa kwa kuwa wengine waliikana ahadi hiyo hiyo mwaka 1968; lakini amana iliyorudishwa haimfanyi mwenyewe kuwa mdeni wa maisha, seuze wajukuu wake. Na kama lilikuwapo deni, mzee huyu amekwisha kulilipa kwa kazi yake na kodi yake.

La pili, kura ni ushahidi. Mwenye kumpa mtu kura ashuhudia kwamba mtu huyo afaa kushika mambo ya watu. Na shahidi katika dini yetu haangalii udugu wala uadui, wala hasemi kweli ya jana kuhusu jambo la leo. Mzee akipiga kura kwa shukrani tu, amshuhudia Heath, ambaye alifariki mwaka 2005. Kijana akipiga kura kwa hasira tu, amshuhudia Powell, aliyekufa mwaka 1998. Wote wawili wawaacha wagombea walio hai bila ya kuulizwa neno.

Wala mtu asidhani kwamba ugonjwa huu ni wa Conservative peke yake. Mwaka 2010, kwa uchunguzi uliofanywa na wataalamu, wapiga kura wa makabila madogo 68 katika kila mia waliichagua Labour, na 16 tu Conservative. Labour ikazoea, kama mwenye duka azoeavyo mteja asiyekuwa na duka jingine la kwendea. Mwaka 2024, watu wakiwa na uchungu wa Gaza, Labour ilishinda nchi nzima lakini ikanyang'anywa Leicester South na mgombea huru kwa kura 979. Na siku ile ile, Leicester East, ambako kura zake ziligawanyika, ikachukuliwa na Conservative. Mji mmoja ulivifundisha vyama viwili kwamba hakuna kura iliyowekwa rehani.

Basi, ewe dada yetu, mwandikie shemeji yako kwamba shukrani yake ni njema na aihifadhi, lakini asimrithishe mjukuu kama deni. Na mwambie kijana kwamba maneno yake juu ya babu yake hayakuwa ya haki. Aende akaubusu mkono wake, akamwombe amsimulie habari ya safari ile, kwani atayapata kwake mambo ambayo hatayasikia kwa mgombea yeyote. Kisha, uchaguzi mwingine utakapokaribia, wakae pamoja, wamwite kila mwenye kutaka kura, wa Conservative na asiyekuwa wa Conservative, na wamuulize: Umetutendea nini, na utatutendea nini wewe? Wakisha kumsikia, kila mmoja aende na ushahidi wake, na jioni warudi wale sahani moja.

Mwenyezi Mungu atutengenezee nyumba zetu, na atujaalie kuwa mashahidi wa kweli. Amin.