Mwana Amesoma Jamii, Ataajiriwa na Nani?

Mzazi akiambiwa mwanawe amehitimu udaktari au uanasheria, haulizi zaidi. Lakini mwana akirudi nyumbani na shahada ya sosholojia, yaani elimu ya jamii, swali la kwanza barazani ni hili: "Hiyo ni kazi gani?" Swali hilo laulizwa Mombasa, laulizwa Lamu, na huko Marani, kwenye vilima vya migomba na chai kaskazini ya mji wa Kisii, nako laulizwa vile vile. Wazee hatuwalaumu. Daktari ana sindano, wakili ana joho. Huyu ana nini?

Na tuitazame Marani yenyewe. Mnamo Oktoba 2021 wanawake wazee wanne waliuawa huko kwa kuchomwa moto, wakidaiwa kuwa wachawi. Halikuwa jambo geni katika Gusii. Mwezi wa Mei 2008 watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa namna hiyo hiyo katika sehemu za Kisii, na kabla ya hapo kulipita wimbi kubwa la mauaji baina ya 1992 na 1994. Askari hufika wakakamata, na mahakama hukata kesi. Lakini ni nani aulizaye kwa nini huandamwa omong'ina, bibi kizee, na si kijana? Na kwa nini mwaka huu, wala si mwaka jana? Hayo si maswali ya polisi. Ni ya mtu aliyesomea jamii.

Aliyeyashika maswali hayo ni Justus Ogembo, mwana wa Gusii, aliyefika nayo hadi Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akaandika kitabu kilichotoka 2006 juu ya mauaji hayo. Kabla yake wengi walioandika habari za Wagusii walikuwa wageni: Philip Mayer mwishoni mwa miaka ya 1940, na Robert LeVine, aliyekaa huko baina ya 1955 na 1957. Wenyeji aghalabu walikuwa wakalimani na wasaidizi wao tu.

Zamani hizo ardhi ilikuwa ingali yatosha. Sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba katika Kaunti ya Kisii. Si kila tuhuma ya uchawi chanzo chake ni shamba, lakini asiyeutazama mpaka wa shamba hatafahamu ugomvi wa nyumba.

Nawe msomaji wa pwani usiseme hayo ni ya bara. Kilifi nako wazee wameuawa kwa tuhuma kama hizo, hata pakawekwa Kaya Godoma huko Ganze iwe kimbilio lao. Wala elimu yenyewe si ngeni kwetu sisi Waislamu: Ibn Khaldun aliiandika Muqaddima yake mwaka 1377, akieleza namna watu washikamanavyo na namna dola ziinukavyo zikaanguka.

Kazi basi ziko wapi? Ziko katika ustawi wa jamii, katika idara ya watoto, na katika probesheni, ambako afisa huiandikia mahakama habari za mshtakiwa kwao na kwa jirani zake. Uko pia mpango wa Inua Jamii, unaowapa shilingi 2,000 kwa mwezi wazee waliotimiza miaka 70. Afisa anayeijua orodha hiyo vizuri yamkini ndiye pekee serikalini ajuaye ni bibi yupi alalaye peke yake. Mashirika ya misaada nayo huajiri, ila mkataba ukimalizika mtu hurudi kwao na begi lake. Ualimu wa sekondari tusiutegemee, maana somo hili halimo darasani. Tusifichane pia kwamba nafasi za serikali ni chache na waombaji ni wengi mno.

Ndipo vijana wengi hukimbilia shahada ya pili. Chuo Kikuu cha Nairobi huigawa mafungu: jamii za mashambani, uhalifu, ushauri nasaha, maafa, na afya. Kisii na Pwani, vilivyopewa hati zao za vyuo vikuu kamili mwaka 2013, vimepunguza safari. Rai yetu ni kwamba kijana atangulie kufanya kazi japo mwaka mmoja, hata ya kujitolea kwenye ofisi ya chifu, ndipo achague fungu. Anayesoma kwa sababu tu amekosa kazi hutoka na karatasi mbili na swali lile lile la barazani.

Tena kuna deni. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu kwa shahada ya kwanza una riba ya 4 kwa mia kwa mwaka. Kwa Mwislamu hilo si jambo dogo, na mzazi wa pwani na aulize habari za malipo, na za misaada isiyo ya mkopo, kabla mwanawe hajatia sahihi.