KUFUNGA JIKO SI KAZI YA MAMA PEKE YAKE



Hapa Kilembwe watu wanahama mara nyingi. Baba amepata kazi Misisi, mchungaji ametumwa Lulimba, ao mwenye nyumba anataka nyumba yake. Na ginsi tunavyohama sisi wote tunaijua. Baba anatafuta pikipiki. Wavulana wanafungua vitanda na kukunja magodoro. Redio inaviringishwa katika blanketi kama mtoto mchanga. Na jiko? Jiko linaachiwa mama na dada zetu, usiku wa mwisho, kwa taa moja tu. Visu, chumvi, sufuria, petroli, mawese, vyote ndani ya gunia moja. Mimi nasema desturi hii ni mbaya, na sisi wavulana ndio tunapaswa kuiacha kwanza.

Nina sababu ya kusema hivyo. Nilipokuwa ningali katika shule ya msingi, tulihama. Bidoni ya petroli ya taa ilikuwa inavuja. Mama akaniambia, “Mwanangu, ngoja, nitakuja kuiangalia.” Nikajibu, “Mama, pikipiki inangoja!” Nikamimina petroli katika chupa ya maji, nikaitia katika gunia, sikumwambia mtu. Jioni tulipofika, mdogo wangu wa miaka mitatu alikuwa na kiu. Akaiona chupa, akanywa.

Jirani mmoja alitaka kumtapisha kwa mawese. Muuguzi akakataza kabisa: petroli ikirudi juu inaingia katika mapafu, na hapo ndipo inapoua. Mtoto alikohoa siku nyingi, kiisha akapona, Mungu asifiwe. Lakini watu walisema, “Mama gani huyu anaacha petroli mbele ya mtoto?” Mama hakujibu. Na mimi nilinyamaza. Leo nasema mbele yenu wote: chupa ile ilikuwa yangu.

Basi tufanye namna gani? Tuanze siku mbili mbele ya safari, nyumba nzima, si usiku wa mwisho.

Petroli ibaki katika chombo chake chenye kizibo kizuri, isitiwe kamwe katika chupa ya kunywea, na isifungwe pamoja na unga wala chumvi. Mtu mmoja mkubwa aichukue mkononi. Mtoto akiinywa, msimtapishe. Mpelekeni kituo cha afya mara moja.

Visu na panga vifungwe kwa kitambaa kinene ao maganda ya mgomba makavu, kiisha kamba, na ncha zote zielekee upande mmoja. Mwenye kufungua gunia aambiwe mbele kwamba kuna visu ndani. Vyungu na sahani viringisheni kwa nguo; hivyo nguo zinasafiri na sahani hazivunjiki.

Moto ni mjanja. Majivu yanaonekana yamekufa, lakini kaa la chini lingali hai saa nyingi. Mwageni maji, korogeni, mwageni tena. Mbabula isipakiwe ikiwa ingali na joto. Na usiku wa kwanza kule mnakohamia, hata mvua ikinyesha, msilale na mbabula ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, na watu hawaamki.

Tena chukueni unga wa siku za kwanza. Wengi wanafika na njaa, wanang’oa mihogo michungu, wanaipika bila kuiloweka siku zake tatu. Sumu yake inaleta kutapika na kizunguzungu, hata kifo. Na watu wanaoila hivyo majuma mengi, bila samaki wala maharagwe, wanaweza kupooza miguu wasipone tena. Ugonjwa huo unaitwa konzo. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938, kutoka Kwango, katika inchi yetu hii.

Najua wenzangu watacheka: “Mwanamume na sufuria, wapi na wapi?” Wawaulize wazazi wao. Vita ilipokuja mwaka 1996, watu wengi wa Fizi walivuka ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, wakakaa katika kambi ya Nyarugusu. Siku ile hakuna aliyeuliza sufuria ni ya nani. Aliyekuwa na sufuria alipika, asiyekuwa nayo aliazima. Kama tuliweza kubeba jiko pamoja katika kukimbia, kwa nini tusiweze katika amani?

Na tusome Kutoka 12:34. Israeli walipotoka Misri kwa haraka, watu walichukua unga wao uliokandwa mbele haujatiwa chachu, na vyombo vya kukandia wakavifunga katika nguo zao, mabegani mwao. Kitabu kinasema watu. Hakisemi wanawake peke yao.

Basi, ndugu yangu mvulana, nyumbani kwenu wakihama, acha redio kidogo. Ingia jikoni, umwambie mama, “Mama, nifunge nini?” Na akikuambia ungoje, ungoje. Haraka haraka haina baraka, hata kwa mwenye kwenda Baraka.

Kiongozi wa wanafunzi, mwaka wa sita